Laika

Sukari kikombe na nusu, ndimu mbili, maji ya kulowesha tu.
Mama hakuwahi kupima. Ni mimi niliyepima
kwa kumtazama mkono, nyumba yetu ya Jadida, Wete,
kwenye sufuria yake ya peke yake,
tusiyoruhusiwa kuchemshia hata yai.
Shira ikifika rangi ya chai kavu
alidondosha tone kwenye maji ya baridi:
likijikunja, tayari.
Watoto wa jirani walinusa, wakadhani kashata,
wakabisha hodi, wakafukuzwa.

Ndani, mkekani, mwari ameuma pindo la kanga.
"Pumua, Zuwena. Ukibana pumzi, ngozi nayo hubana."
Kisha chwaa!
na Zuwena, bingwa wa hesabu wa skuli nzima,
akasahau jina la mume.

Kila njia Mama aliifungia neno lake.
Wembe: "Leo hariri, keshokutwa gunia."
Jivu la makumbi na ncha za vidole, alivyofunzwa na bibi yake Kojani:
"Huo ndio ubingwa, lakini nani siku hizi
ana subira ya kujinyonyoa kama kuku wa Idi?"
Dawa ya kopo aliinusa, akaifunika:
"Kinachoyeyusha nywele, nyama kitaiacha kwa hisani gani?"
Mize aliporudi Maskati na uzi wake,
ncha moja menoni, vidole vikicheza,
Mama alimpa mashavu. "Nyusi usiniguse.
Hizo nimeazimwa."
Na alipoambiwa ya mashine ya mwanga, huko Unguja mjini,
inayochoma mzizi hata nywele isirudi,
alinyamaza kidogo.
"Isirudi kabisa? Basi mtakuja kwangu kwa lipi?"

Vinyweleo vile aliviita malaika.
Nilikuwa mdogo, nikaogopa.
Nikawaona wamenasa ndani ya shira,
weusi, wembamba, miguu juu,
nikauliza nani sasa atamwandikia Zuwena mema yake.
Mama alicheka mpaka shira ikaganda.

Mwaka huu, Mfunguo Pili, kiharusi
kikamchukua upande wa kulia.
Ulimi ukabakiwa na maneno matatu:
maji, la, na jina la kaka yetu aliyekufa.
Wageni wakija, kwa mkono uliosalia
huvuta ushungi mpaka puani, haachii.
Nikadhani haya. Nikadhani baridi,
Wete, mwezi wa Januari!

Mpaka asubuhi moja ninamwosha uso dirishani,
jua likaingia kwa ubavu
na kidevuni nikaziona. Saba.
Nne nyeupe, ngumu kama miba ya changu.

Kumbe ndiyo zile alfajiri ndefu za bafuni.
Ndicho kile kioo cha kopo la poda,
na kibano alichosema cha kutolea miiba.
Nusu ya mji imepita mikononi mwake,
na yeye miaka yote
alijifungia mlango.

Nipike shira?
"La."
Wembe?
"La," na lile jicho lake la zamani, zima kabisa.

Nikaleta kibano. Ya kwanza ilinishinda.
Akanishika kifundo cha mkono,
akauinamisha: fuata inakoelekea, usiipinge.
"Pumua," nikasema,
sijui nikimwambia nani.
Moja. Ya pili. Chozi la jicho la kulia
likashuka lenyewe, lisilo na habari na maumivu.
Ya saba fupi, inateleza, nikataka kuiacha.
Akaguna. Nikairudia.

Nilipokuwa nafuta kibano
kidole chake kikapanda, polepole, kama kinahesabu ngazi,
hakikuelekea kikombe.
Kikanipapasa chini ya mdomo, kushoto,
kikasimama mahali pamoja.

"Maji," akasema.
Nikamsikia vizuri sana.
Nikasogea kwenye mwanga, nikampa kidevu.